Nikilimaliza gari la baba, nitakifuta kidole chake

Mshauri, asalaam aleikum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Tudor, Mombasa, na mke wangu na watoto wawili. Naunda magari madogo ya plastiki, yale ya kipimo cha 1:24, kazi niliyofunzwa na marehemu baba. Mzee alifanya kazi bandarini Kilindini na maboksi yake mengi aliletewa na mabaharia. Amefariki mwaka wa pili sasa, Mungu amrehemu. Ametuacha na mama na watoto watatu: dada yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu aliye Doha.

Boksi moja hakulimaliza. Ni Datsun 240Z ya kampuni ya Hasegawa, lile gari jekundu lenye boneti nyeusi na namba 11 ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971. Kwa baba hakukuwa na gari jingine duniani. Kabla ya kuugua alikuwa amepuliza bodi rangi nyekundu, amegandisha viti na dashibodi, na amekata magurudumu kutoka kwenye fremu. Vioo, stika za maji (zile za kulowesha ndipo zibandikwe) na matairi vimo vifukoni bado. Alivipanga vyote ndani ya boksi, akanipa nimshikie huku akifunga kifuniko, akasema, "Hili utalimaliza wewe." Ilikuwa mwezi wa Mei. Hakushika brashi tena.

Shida ni hiyo rangi. Aliipuliza masika, hewa imejaa maji, na paa lote pamoja na ubavu wa kulia umefanya ukungu mweupe, nyekundu imekuwa kama imechanganywa na maziwa. Milango ina vipele vya ganda la chungwa. Na juu ya paa, upande wa dereva, kuna alama ya kidole gumba iliyozama ndani ya rangi, mistari yake yote inaonekana. Ni wazi alikishika kigari kabla hakijakauka.

Ujuzi wangu unaniambia la kufanya. Niiondoe rangi yote, nisugue bodi kwa msasa, nipige praima, halafu nipulize nyekundu upya Januari, wakati wa kaskazi. Kigari kitatoka safi kama baba alivyotaka. Lakini rangi ikiondoka, na kidole kitaondoka nayo.

Boksi liko kabatini kwa mama, Kibokoni. Alipotoka eda nilimwomba anipe. Akaniambia, "Liache kama alivyoliacha." Dada anamuunga mkono na ananiambia nisimsumbue mama. Mdogo wetu amesema atanunua boksi jingine kama hilo, niunde hilo jipya, la baba libaki lilivyo. Nimemkatalia, kwa sababu naona ni kumdanganya marehemu. Baba alisema hili. Mke wangu ananiambia nimekigeuza kigari kuwa kesi.

Nimefikiria kwenda kulichukua siku moja mama akiwa kwa dada, nilimalize kimya kimya, nilirudishe kabatini likiwa zuri, alione mwenyewe siku atakayolifungua. Naona haya hata kuandika hivi, lakini usingizi umenipotea. Je, kuna namna ya kuisafisha rangi na kidole kibaki? Na je, nimtii mama aliye hai au nitimize ahadi ya baba?

Mtoto wa Pili, Tudor.

*

Mtoto wa Pili, wa aleikum salaam. Pole kwa msiba, na ni pole ya dhati hata kama miaka miwili imepita. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kila mara nimesimama pale uliposema alikupa boksi umshikie huku akifunga kifuniko. Nitalirudia jambo hilo.

Kwanza nikuambie nilivyokuelewa, unirekebishe nikikosea. Una amri mbili kichwani. Moja ni ya baba, umalize. Nyingine ni ya mama, uache. Katikati pana paa la plastiki lenye upana wa vidole vichache, na juu yake kuna kitu ambacho ujuzi wako unakiita kosa na moyo wako unakiita baba. Mkeo anasema ni kesi juu ya kigari. Nadhani hata yeye akikiona kidole hicho kwenye mwanga hatalisema neno hilo mara ya pili.

Sasa tutazame maneno yenyewe. Baba alisema "hili". Wewe umelisikia kama boksi hili, na bodi hii, na rangi hii. Huenda ndivyo. Lakini katika lugha yetu "hili" ni boksi, ni gari, na ni jambo pia. Mtu anayeanza kuugua, akampa mwanawe kazi yake amshikie huku akiifunga, anaweza kuwa anatoa agizo. Anaweza pia kuwa anasema, wewe sasa ni fundi, nakuamini. Katika maana ya kwanza, boksi likikaa kabatini una deni. Katika ya pili, alichokupa umekipokea tayari, na hakuna wa kukunyang'anya. Mimi sikuwapo, wewe ulikuwapo. Jaribu kukumbuka sauti yake.

Na mama alisema, "Liache kama alivyoliacha." Ulimuuliza anaogopa nini? Sioni katika barua yako kwamba ulimuuliza. Inaweza kuwa anaogopa boksi litoke nyumbani lisirudi. Inaweza kuwa halijui suala la kidole kabisa, au analijua kuliko wewe na huenda hulifungua boksi usiku kukitazama. Labda ni hiyo picha ya wewe ukiondoa rangi ambayo mumewe alikaa kibarazani akiipuliza. Hofu hizi hazifanani, na kila moja ina jibu lake. Anayeogopa boksi kutoka anaweza kukubali ulifanyie kazi hapo hapo Kibokoni, kwenye meza yake. Anayeogopa rangi kuondolewa anaweza kukubali mengine yote isipokuwa rangi.

Lipo na la mirathi, nami naligusa kwa heshima kwa kuwa si kadhi. Boksi hilo ni mali ya marehemu, na warithi ni mama na nyinyi watatu. Neno la baba kwako, hata tukiliita wasia, ni wasia kwa mrithi, na wengi mmefundishwa madrasa kwamba wasia kwa mrithi haupiti bila ridhaa ya warithi wengine. Muulize imamu wa mtaa wenu akufafanulie. Nalitaja kwa sababu linaibadilisha sura ya ile safari ya kwenda kabatini mama akiwa kwa dada. Umesema unaona haya, na haya yako inakuambia kweli. Hata tukiweka kando dini na adabu, fikiria kama fundi. Ukiwa peke yako, kwa haraka na kwa hofu, ndipo mkono unapokosea. Nguzo za kioo cha mbele cha bodi ya 1:24 ni nyembamba kama njiti ya kiberiti, na bodi iliyotiwa mfukoni ndani ya tuktuk huvunjikia hapo. Ikivunjika ungemwambia nani?

Sasa nije kwenye rangi, kwa sababu nadhani umeruka hatua. Umeamua kwamba dawa ya ukungu ni kuondoa rangi yote. Hiyo ni dawa moja, tena ndiyo kali kuliko zote.

Unajua ukungu ule ulitoka wapi. Rangi ya laka hukauka kwa tina, yaani kiyeyushi chake, kuruka hewani, na tina ikiruka kwa kasi huupoza uso wa rangi. Uso ukipoa chini ya joto la kufanya umande, maji ya hewani hufanya umande juu yake na kunasa ndani ya rangi kabla haijafunga. Masika ya Mombasa ni mahali pake hasa. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 hivi laka ni bahati nasibu, na kwenu hapo alfajiri na usiku hupita hapo karibu mwaka mzima. Vipele vya ganda la chungwa ni kisa kingine: kopo lilishikwa mbali, rangi ikaanza kukauka njiani, ikafika kama chembe badala ya kutandaza. Masafa ya kawaida ni sentimita 15 hadi 20.

Ukungu mara nyingi hukaa kwenye tabaka la juu tu. Upo mtihani rahisi usiodhuru. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kiloweshe kwa maji safi, upake mahali pamoja penye ukungu, mbali na kidole. Ukungu ukitoweka pakiwa pamelowa na kurudi pakikauka, huenda uko juu juu na utaondoka kwa kung'arisha. Ukibaki vile vile hata pakiwa na maji, umeingia ndani. Mtihani huo hauchukui hata dakika mbili, na mama anaweza kukaa kando yako akiutazama.

Ukiwa juu juu, utafanya kazi kwa msasa wa maji namba 2000 kwenda 3000, matone ya sabuni ya vyombo kwenye maji, kisha kompaundi laini ya kung'arishia na kitambaa cha pamba. Usikaribie kingo. Kingo za milango, matao ya magurudumu na mstari wa boneti ndipo rangi huwa nyembamba, na msasa mara tatu tu unafika kwenye plastiki nyeupe. Zizibe kingo kwa tepu ya karatasi kabla ya kuanza, uiondoe mwishoni na umalizie kwa kitambaa peke yake. Kompaundi isifike kwenye alama kamwe. Ni unga mweupe ndani ya mafuta, ukiingia katika mistari ya kidole hautoki, na alama itageuka madoa meupe. Kata duara la tepu lenye upana wa shilingi ishirini, ulipunguze nguvu kwanza kwa kulibandika mkononi mara mbili tatu, ndipo ulibandike juu ya kidole. Hata hivyo jaribu kipande cha tepu chini ya bodi kwanza. Rangi iliyopulizwa bila praima huweza kung'oka nayo, na barua yako haisemi kama mzee alipiga praima.

Ukungu ukiwa ndani, njia ya mafundi wengi ni kupuliza vanishi ya laka au tina inayokauka polepole, ambayo huilainisha rangi upya na kuyaachia maji yatoke. Hapa simama. Kilainishacho rangi hulainisha na kidole pia. Mistari itajaa na kulala, na ndani ya nusu saa utabaki na kivuli. Kama alama ni ya kubaki, laka yoyote isipite juu ya paa. Vanishi ya akriliki ya maji haiyeyushi laka iliyokwisha kukomaa, nayo unaweza kuipaka nyembamba sana kwa brashi pana laini, mara mbili, saa 24 kati yake. Hata hiyo hupunguza ukali wa mistari kidogo. Kwa hiyo kuna uamuzi mdogo ndani ya ule mkubwa: paa likae bila vanishi, nawe ulipe kwa mng'aro usiolingana.

Kabla ya yote hayo hakikisha ni laka kweli. Kijiti cha pamba chenye spiriti ya duka la dawa, kisugue mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa ukingo wa chini wa mlango. Kikitoka chekundu mara moja, baba alitumia akriliki, na sehemu kubwa ya niliyosema juu inabadilika.

Ile njia yako, ya kuondoa rangi yote, nayo niitendee haki, maana si ya kipumbavu. Inakupa kigari ambacho baba alikuwa anakiona akilini. Lakini usiipime kana kwamba mwisho wake ni wa hakika. Mafuta ya breki huondoa laka kwenye plastiki ya polistairini, na watu wengi huyatumia. Vaa glavu, tumia chombo chenye kifuniko, kagua kila baada ya saa chache na usiache bodi humo siku nyingi, kwa kuwa plastiki huanza kuwa kavu na kukatika, na nguzo za kioo ndizo za kwanza. Tina ya rangi za magari kutoka kwa mafundi wa gereji usiiguse. Itaila plastiki yenyewe. Petroli vile vile. Na nyekundu ina tabia mbaya: hata ikitoka huacha plastiki ikiwa ya waridi, na waridi hilo hupanda tena kupitia rangi ya juu usipolifungia vizuri kwanza. Baadaye utapuliza tena Mombasa. Januari na Februari ndiyo miezi mizuri, kati ya saa tano na saa tisa mchana, siku ya jua. Kama una chumba chenye kiyoyozi, usiitoe bodi ikiwa baridi moja kwa moja hadi kibarazani, maana itafanya umande mbele ya macho yako na utarudia ukungu ule ule. Iache izoee joto nusu saa. Nayasema haya ili uone kwamba upande wa pili wa kidole kilichofutika hakuna gari kamili linalokungoja. Kuna kazi ndefu yenye mitego, na mtego mmojawapo ndio uliomnasa fundi aliyekufundisha.

Hapo nakuuliza swali ambalo huenda likauma. Nani amesema gari safi ndilo alilolitaka? Alipuliza, akaona ukungu, akaona kidole chake, na macho ya fundi hayakosi vitu hivyo. Angeweza kuondoa rangi siku hiyo hiyo, ikiwa bado laini. Aliifunga ndani ya boksi. Inawezekana nguvu zilikuwa zimekwisha. Inawezekana pia alisema moyoni, basi, liwe hivi. Hatujui, na hilo ni zito kwako, najua.

Kuna njia nyingine ambayo nashangaa hukuitaja. Muombe daktari wa meno mpira wa silikoni anaochukulia alama za meno, ule wa majimaji usio mzito. Unazungushia ukuta mdogo wa udongo wa kuchezea usio na salfa kwenye alama, unamimina, unangoja dakika chache, unabandua. Utapata alama ya kidole cha baba kwa kinyume, mistari yote, na ndani ya silikoni hiyo unaweza kumimina epoksi wazi, ile gundi ya kuchanganya inayokuwa ngumu kama kioo, mara kadhaa. Kila mtoto atakuwa na chake, na mama chake. Jaribu kwanza kwenye kipande kingine kilichopakwa rangi, kwa kuwa silikoni inaweza kuondoka na rangi dhaifu. Piga na picha, taa zote zimezimwa, tochi imelazwa ubavuni kiasi cha kugusa paa, mwanga ukitambaa juu ya mistari. Picha hiyo itaonyesha zaidi ya jicho. Lakini nisikudanganye kwamba nakala inamaliza suala. Kwa mtu mwingine inatosha. Mwingine atakuambia baba hakuigusa epoksi hiyo.

Nisisahau jambo jingine: una uhakika kidole ni chake? Watoto hupita, wageni hushika. Kitambulisho chake, chenye alama ya kidole, bila shaka kilirudishwa serikalini alipoandikishwa kifo, kwa hiyo cha kulinganisha huenda huna. Sikushauri ukitafute. Nalitaja ili ujiulize, kama kingekuwa cha mtu mwingine, je, ungeondoa rangi kesho bila kusita? Jibu lako litakuonyesha mzigo uko kwenye ahadi au kwenye kidole.

La mdogo wako wa Doha usilitupe haraka. Umeliita udanganyifu, nami naelewa. Litazame kwa jicho la kazi. Hasegawa huyatoa maboksi haya kwa awamu, yakiisha husubiriwa au hununuliwa kwa watu kwa bei ya juu, kwa hiyo kulipata si hakika. Likipatikana, linakupa stika mpya, matairi mapya, vioo vipya. Si lazima liwe badala ya la baba. Linaweza kuwa akiba ya la baba: bodi yake, rangi yake na kidole chake, lakini stika zisizo za manjano. Au bodi mpya ikae juu ya shasi yenye viti na dashibodi alivyovigandisha yeye. Bodi za magari haya kwa kawaida hukaa kwenye shasi kwa kubanwa, si lazima gundi, hivyo unaweza kuwa na bodi mbili na shasi moja, ukabadilisha, na hakuna kilichofungwa milele. Hatari yake ni kwamba jipya likiwa zuri, la baba litageuka kuwa la kuombewa vipuri, na huenda mama akaona hivyo hata kama wewe huoni.

Na uko uwezekano wa kuanza na visivyo na ubishi. Viti, dashibodi, shasi na magurudumu vyote humalizika bila kugusa rangi nyekundu. Boneti nyeusi, hata ukiziba bodi nzima kwa tepu na karatasi, ni ya mama kuamua. Huko utakuwa umetimiza sehemu ya neno la baba, na umebakiza sehemu. Wapo watakaosema ni kukwepa. Mimi naona ni kumpa mama nafasi ya kuona mikono yako ikifanya kazi kabla ya kumwomba kilicho kigumu.

Maana "liache kama alivyoliacha" nalo lina tatizo ambalo mama hawezi kulijua asipoambiwa. Boksi halikai kama lilivyoachwa. Kibokoni ni hatua chache kutoka baharini. Stika za maji ni karatasi na gundi, zinavuta unyevu, zinashika manjano na ukungu wa kweli, ule wa kuota. Matairi ni vinili laini, na mafuta yanayoilainisha hutoka polepole na kuyeyusha plastiki ngumu inayoguswa nayo, hasa vioo, na joto huharakisha. Bodi ikilaliwa na vitu hujipinda. Mama anaamini analinda, na kila mwezi kinapotea kidogo. Hilo mwambie kwa upole sana, lisisikike kama tishio la kumfanya akuachie boksi.

Kinachohitajika ni kidogo. Matairi yatiwe kwenye kifuko chao cha nailoni, nje ya boksi kabisa. Stika zipigwe skani nzuri ya kompyuta kwanza, kisha zitiwe kwenye kifuko cha kufungika pamoja na vijifuko vile vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Stika zikishakauka, kifuko kikiwa cha kuonya kama kioo, unaweza kukibandika dirishani palipo na jua kwa siku kadhaa ili manjano ipungue, ukiangalia kila siku. Bodi ifungwe kwa kitambaa laini cha pamba kisicho na rangi. Isifungwe kwa gazeti, wala nailoni ile ya mapovu, ambayo huacha miduara kwenye rangi. Siku mtakapozitumia stika, mkate moja isiyo ya maana, muitie majini sekunde 40 hivi. Ikivunjika vipande, karatasi yote ipulizwe vanishi nyembamba ya kung'aa, ikauke siku nzima, halafu kila stika ikatwe karibu na ukingo wake kwa sababu vanishi imezifanya zote kuwa ngozi moja.

Kwa hiyo ukienda Kibokoni, nadhani usiende na swali la rangi. Nenda na dada kama atakubali. Mwombe mama mlifungue pamoja, uwashe tochi ulalishe mwanga kwenye paa, na umwache atazame kwa muda anaotaka bila wewe kusema neno. Baada ya hapo muulize baba alikuwaje siku aliyopuliza ile rangi. Yeye alikuwapo. Huenda anajua kwa nini hakuiondoa. Usipopata jibu siku hiyo, au ukipata lile lile la kwanza, rudi Tudor na uniandikie tena, na ulale kwanza.

Matairi, hata hivyo, mwombe uyatoe wiki hii.